UZI: Kuunganisha majaribio ya kiotomatiki na mfumo wa kusimamia majaribio, tuanze na kitambulisho cha kesi

#1 Mleta uzi

Habari za kazi, wakuu. Swali hili limekuwa likirudi kwa sura tofauti: timu ina majaribio ya kiotomatiki yanayoendeshwa kila siku, na pembeni ina mfumo wa kusimamia majaribio kama TestRail, Xray au Kiwi TCMS ambamo mtu mmoja huketi siku moja kabla ya toleo kutoka, akajaza kwa mkono "limefaulu, limefaulu, limefeli" huku macho yake yakiwa kwenye skrini ya Jenkins, seva inayoendesha majaribio hayo. Kisha huulizwa ni programu-jalizi gani itakayomwondolea adha hiyo. Kwa maoni yangu swali hilo huulizwa mapema mno. Kabla ya kuchagua programu-jalizi, timu inapaswa kukubaliana ni jaribio lipi katika msimbo linalothibitisha kesi ipi (yaani maelezo ya hatua na matokeo yanayotarajiwa) katika mfumo, na makubaliano hayo yaandikwe mahali ambapo hayatapotea mtu akibadilisha jina la funksheni. Hilo likikamilika, kinachobaki ni kazi ya kupeleka faili.

Njia ya kupeleka ipo tayari, tena ni ya siku nyingi. JUnit yenyewe iliandikwa na Kent Beck na Erich Gamma mwaka 1997 kwa ajili ya Java, lakini faili la XML tunaloliita la JUnit lilitokana na Apache Ant, Jenkins ikalieneza, na leo zana za kuandikia majaribio kama pytest, Playwright, Cypress na Robot Framework zote zinaweza kulitoa. Hakuna chombo rasmi kilicholiwekea kiwango, ndiyo maana kila zana huliandika kwa lahaja yake. Hata hivyo mambo makuu hayabadiliki: kila jaribio lina darasa, jina na muda, na ndani yake huweza kuwamo `failure`, `error` au `skipped`. Kinachokosekana ni namba ya kesi, na hiyo ndiyo tunayopaswa kuiweka sisi wenyewe.

Nitatumia mfano wa moduli ya malipo kwa sababu wengi humu tunaifahamu: mteja anaanzisha malipo, mfumo unatuma ombi la STK Push, yaani la kumtaka mteja alipe kwa simu yake, kwenye Daraja ya Safaricom, mlango ambao programu hutumia kuzungumza na M-Pesa, simu inaomba PIN, kisha jibu linarudi. Katika pytest, jaribio la mteja aliyeghairi linaweza kuandikwa hivi:

```
def test_mteja_ameghairi(record_property):
    record_property("test_id", "C1482")
    ...
```

Namba C1482 ni ya kesi iliyomo TestRail. Ukiendesha pytest kwa `--junitxml=matokeo.xml`, namba hiyo huingia ndani ya faili, na `trcli`, ambayo ni programu ya mstari wa amri ya TestRail, ukiielekeza ilinganishe kesi kwa `property`, italipeleka jibu moja kwa moja kwenye kesi hiyo. Tangu toleo la 6.0, pytest hutumia muundo wa `xunit2` usipoiambia vingine, na humo `record_property` hutoa onyo; ukiandika `junit_family = xunit1` katika pytest.ini onyo huisha. Kwa Playwright ni rahisi zaidi kuiweka namba katika kichwa cha jaribio, kwa mfano "[C1482] mteja akighairi, oda hubaki haijalipwa", na kuiambia `trcli` itafute kwa jina.

Kuna jambo moja ambalo zana yoyote haiwezi kulikagua kwa niaba yenu. Daraja hujibu mara mbili. Jibu la kwanza lina `ResponseCode` 0, maana yake ombi limepokelewa, na halisemi lolote kuhusu fedha. Jibu la pili huja baadaye kwenye anwani yenu, likiwa na `ResultCode`: 0 malipo yamekamilika, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikujibu. Jaribio lililoandikwa kwa haraka huangalia lile jibu la kwanza tu. Jaribio la namna hiyo likibandikwa namba C1482, mfumo utaonyesha kijani kwa kesi ambayo haijawahi kujaribiwa, na kijani hicho kina uzito kuliko kile cha Jenkins kwa sababu ndicho meneja wa bidhaa anachokisoma. Kwa hiyo mtu anayebandika namba awe ameisoma kesi yenyewe, hatua zake na matokeo yanayotarajiwa, na anayepitia ombi la kuunganisha msimbo naye aisome.

#2 Mtumiaji wa Jira

Ahsante mkuu kwa uzi huu. Sisi tunatumia Xray ndani ya Jira, mfumo wetu wa kufuatilia kazi na mahitaji, na kwa kweli hatujawahi kubandika namba yoyote. Tunatuma faili la XML kwenye API yake (mlango wa kupokea data kutoka programu nyingine), Xray inajitengenezea kesi zenyewe, na safari inayofuata inazitambua. Je, hilo si jepesi zaidi? Timu yetu ina watu wanne na mjaribu ni mmoja. Kila dakika tunayoiokoa ni ya thamani.

#3 Mleta uzi

Ni jepesi, dada, na kwa majaribio ya ngazi ya chini sina pingamizi nalo. Lakini tuangalie inavyozitambua. Unapotuma faili la JUnit, Xray huunda kesi ya aina ya Generic na kuipa utambulisho unaotokana na darasa na jina la jaribio, vikiunganishwa kwa nukta. Safari inayofuata hutafuta utambulisho uleule. Sasa chukulia kwamba mwenzako amehamisha majaribio ya malipo kutoka `majaribio.malipo` kwenda `majaribio.lipa.stk` kwa sababu folda ilikuwa imejaa. Kwa Xray hayo ni majaribio mapya kabisa. Zitaundwa kesi mpya, za zamani zitabaki na majibu yao ya mwisho ya kijani, na kile kiungo ulichokiweka kwa mkono kati ya kesi ya zamani na hitaji lake katika Jira kitabaki kikining'inia kwenye kesi ambayo hakuna anayeiendesha tena. Ripoti ya mahitaji itaendelea kusema kwamba hitaji limefunikwa.

Timu ya watu wanne haihitaji kuacha utaratibu huo wote. Acheni Xray ijitengenezee kesi za majaribio madogo madogo, kisha zile zilizofungwa kwenye mahitaji, ambazo aghalabu si nyingi, zibandikieni ufunguo wa Jira ndani ya msimbo. Xray hukubali ufunguo wa kesi ukiwekwa kama `property` yenye jina `test_key`. Folda ikihamishwa, ufunguo unahama na jaribio lake.

#4 Fundi wa seva

Wakuu, naomba niongeze upande wa paipulaini, yaani mfululizo wa hatua zinazoendesha majaribio na kutuma matokeo zenyewe, maana ndiko muunganisho huu unakovunjika bila kelele.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni hatua ya kutuma matokeo kuwekwa baada ya hatua ya kuendesha majaribio bila kuambiwa iendelee hata kama majaribio yamefeli. pytest hutoka na namba isiyo sifuri jaribio moja likifeli, paipulaini husimama papo hapo, na hatua ya kutuma haifikiwi. Matokeo yake ni kwamba mfumo wa kusimamia majaribio hupokea majibu ya siku njema peke yake. Ukiufungua baada ya miezi miwili unaona historia ya kijani kitupu, na hakuna anayeshuku kitu kwa sababu hakuna kilichotoa hitilafu. Katika GitHub Actions hatua ya kutuma ipewe `if: always()`, katika GitLab iwe kazi ya pekee yenye `when: always`, na faili la XML lihifadhiwe kama zao la kazi iliyotangulia, nalo liwekewe `when: always` vilevile, kwani kazi iliyofeli kwa kawaida haihifadhi mazao yake; katika Jenkins iwe ndani ya `post` yenye `always`. Namna nyepesi ya kuhakiki ni kuandika jaribio moja linalofeli kwa makusudi kwenye tawi la pembeni, ukaangalia kama wekundu huo unafika upande wa pili. Timu nyingi huhakiki kwa jaribio linalofaulu, na jaribio linalofaulu halithibitishi lolote hapa.

La pili ni siri. Tokeni ya TestRail au jozi ya `client_id` na `client_secret` ya Xray isiandikwe ndani ya faili la paipulaini. Iwekwe kwenye hifadhi ya siri ya GitLab au GitHub, na iwe ya akaunti ya mashine, si ya mfanyakazi. Nimeona muunganisho ukizima siku ambayo mfanyakazi aliacha kazi na akaunti yake ikafungwa, na ilichukua muda mrefu watu kugundua, kwa kuwa hatua ya kutuma ilikuwa imeruhusiwa kufeli kimya kimya. Kwa upande wa Xray ya wingu, tokeni unayopewa baada ya kujitambulisha huisha baada ya saa 24, hivyo iombwe upya kila paipulaini inapoanza badala ya kuihifadhi.

La tatu, msitume jibu mojamoja. TestRail ina `add_results_for_cases` inayopokea majibu mengi kwa ombi moja. Anayezunguka na `add_result_for_case` kwa kila jaribio atakutana na jibu la 429 (maombi yamezidi kikomo), hasa kwenye wingu, na skripti isiyoheshimu kichwa cha `Retry-After`, kinachosema isubiri muda gani, itapoteza majibu ya mwisho mwisho bila mtu kujua ni yapi.

#5 Mjaribu

Ndugu mleta uzi, nina jambo linalonitatiza. Jaribio langu la namba za simu lina vigezo: 07, 01, +254, 254, na namba fupi isiyofaa. pytest inalihesabu kama majaribio matano, lakini kwenye TestRail kesi ni moja. Jana kigezo cha 01 kilifeli waziwazi kwenye paipulaini, ila TestRail ikaonyesha kwamba kesi imefaulu. Nilidhani faili halikufika, kumbe limefika.

#6 Mleta uzi

Faili limefika, na mfumo umefanya kile ulichobuniwa kufanya. Katika TestRail kesi iliyomo ndani ya mzunguko (test run, yaani uendeshaji mmoja wa kundi la kesi) inaweza kuwa na majibu mengi, nayo hali yake ni ile ya jibu la mwisho. Wabunifu walimfikiria mtu anayejaribu asubuhi, anakuta dosari, fundi anairekebisha, na jioni anajaribu tena; kwa mtu huyo jibu la jioni ndilo sahihi. Wewe umetuma majibu matano yenye namba moja ya kesi katika sekunde ileile, na la mwisho lilikuwa la namba fupi, ambalo lilifaulu. Ukifungua historia ya kesi hiyo utakuta jibu jekundu la kigezo cha 01 limekaa chini ya yale yaliyofuata.

Tiba iko kabla ya kutuma. Andika skripti fupi inayosoma XML, inakusanya majibu yote yenye namba moja, na kutoa jibu moja kwa kanuni kwamba baya zaidi ndilo linaloshinda: kikifeli kigezo kimoja, kesi imefeli. Maelezo ya kila kigezo yaingie kwenye maoni ya jibu, ili msomaji aone kwamba 07, +254, 254 na namba fupi vilikuwa salama na tatizo ni 01. Ni mistari michache ya Python.

Lakini kabla ya kuiandika, jiulize kama kweli hiyo ni kesi moja. Kwa namba za simu ningesema ndiyo, kwa sababu hakuna mtu wa biashara atakayeuliza hali ya +254 peke yake. Kwa zile namba za `ResultCode` nilizozitaja ningesema hapana. Mteja aliyeghairi na mteja asiye na salio ni matukio mawili ambayo huduma kwa wateja huyajibu tofauti, na meneja wa bidhaa atataka kuyaona kwa mistari tofauti. Hapo kila kigezo kipewe namba yake ya kesi, hata kama msimbo wa jaribio ni ule ule. Katika pytest unaweza kuipitisha namba hiyo kama sehemu ya kigezo chenyewe, kisha `record_property` ikaisoma humo.

Kwa kuwa tumegusa hali za majibu, tafadhali msiziache tafsiri za kawaida bila kuziangalia. XML hutofautisha `failure`, yaani sharti la jaribio halikutimia, na `error`, yaani jaribio halikuweza hata kufika kwenye sharti, kwa mfano seva ya kuigiza Daraja haikuwaka. TestRail kwa asili ina Passed, Blocked, Untested, Retest na Failed, na `trcli` huyatupa yote mawili kwenye Failed usipoiambia vingine. Kiwi TCMS ina ERROR yake mbali na FAILED, jambo ninalolipenda. Kwenye TestRail mimi huielekeza `error` iwe Blocked, kwa sababu asubuhi moja ya seva ya kuigiza kutowaka huweza kutia wekundu kwenye kesi zote za malipo, na meneja akiona ukurasa wa namna hiyo mara mbili, mara ya tatu hatauangalia.

Majaribio yaliyorukwa nayo yana mtego wake. TestRail haikubali utume Untested kupitia API, na `trcli` huyaweka yaliyorukwa kwenye Retest, jambo ambalo humfanya msomaji adhani kuna mtu anayesubiriwa ayarudie. Tumeamua kutoyatuma kabisa: kesi ambayo haikuendeshwa ibaki Untested kwa asili yake, na mzunguko ukifungwa ikiwa hivyo, ionekane hivyo.

#7 Mtumiaji wa Jira

Nimeelewa kuhusu vitambulisho, na nitaanza na kesi zilizofungwa kwenye mahitaji. Swali langu sasa ni lini tutume. Paipulaini yetu huendeshwa kila mtu anaposukuma badiliko. Tukituma kila mara, Jira itajaa mizunguko hadi isisomeke.

#8 Mleta uzi

Msitume kila mara. Mfumo wa kusimamia majaribio ni daftari la maamuzi, na uamuzi haufanyiki kila mtu anaposukuma badiliko kwenye tawi lake. Kwa matawi ya kazi, ripoti ya GitLab au GitHub ndani ya ombi la kuunganisha inatosha. Tumeni kutoka tawi kuu, mara moja usiku, na tena mnapokata toleo. Mzunguko wa usiku unaweza kuwa mmoja wa kudumu kwa kila toleo linaloandaliwa, ukipokea majibu mapya kila siku. Ule wa toleo uundwe upya, ubebe namba ya toleo na kitambulisho cha badiliko katika maelezo yake, na ufungwe mara tu uamuzi unapofanyika. TestRail ikishafunga mzunguko, majibu yake hayabadiliki tena, na huo ndio ushahidi utakaoombwa na mkaguzi wa benki mnayeshirikiana nayo.

Sababu nyingine ya kutotuma kila kitu ni majaribio yanayoyumba, yaani yanayofaulu na kufeli bila msimbo kubadilika. Google walieleza mwaka 2016 kwamba karibu asilimia 16 ya majaribio yao yalikuwa na kiasi fulani cha kuyumba. Kwa kampuni yenye rasilimali kama zile hiyo ni kubwa, na sioni kwa nini sisi tungekuwa na afadhali, hasa kwa majaribio yanayosubiri jibu la mtandao wa simu. Watu wengi huyatibu kwa kuyarudia: Playwright ina `retries`, pytest ina programu-jalizi ya kurudia. Kurudia kunakubalika, ila mjue kwamba jaribio lililofeli mara ya kwanza likafaulu mara ya pili, katika XML ya Playwright kwa kawaida hutoka kama lililofaulu, ingawa ripoti yake yenyewe huliita `flaky`. Taarifa hiyo hupotea njiani. Mkitaka ifike, someni ripoti ya JSON ya Playwright badala ya XML, na muongeze neno moja kwenye maoni ya jibu. Msibuni hali mpya ya "linayumba" kwenye mfumo. Nimeiona mahali fulani ikigeuka kuwa kapu la kila kitu ambacho hakuna aliyetaka kukichunguza.

#9 Mtumiaji mgeni

Samahanini kwa kuchelewa kuingia. Sisi ni wachanga na hatuna bajeti ya leseni. Je, haya yote yanawezekana bila kulipia?

#10 Fundi wa seva

Yanawezekana, ndugu. Kiwi TCMS ni huria chini ya leseni ya GPL, chimbuko lake ni Nitrate ya Red Hat, imeandikwa kwa Python, na unaiwasha kwa konteina kwenye seva ndogo mliyonayo. Programu-jalizi yake ya JUnit inasoma XML ileile. Unaipa anwani, jina na nywila kupitia vigeugeu vya mazingira kama `TCMS_API_URL`, pamoja na bidhaa, toleo na jengo (build). Kumbuka kwamba nayo huitambua kesi kwa jina la jaribio, kwa hiyo onyo la mleta uzi kuhusu kubadilisha majina linawahusu ninyi zaidi kuliko wengine. TestLink nayo bado ipo na API yake ya XML-RPC inafanya kazi, ila kwa anayeanza leo sioni sababu ya kuichagua. Chelezo ya hifadhidata ifanyike kila siku, na ihifadhiwe nje ya seva hiyo.

#11 Mjaribu

Skripti ya kukusanya vigezo imefanya kazi, mkuu, nashukuru. La mwisho: bosi anataka kila jaribio likifeli, tiketi ifunguke yenyewe Jira. Nimwambieje?

#12 Mleta uzi

Mwambie kwamba tiketi ya kwanza ifunguliwe na mtu, kisha mashine ifanye yaliyobaki. Seva ya kuigiza ikizima usiku mmoja, tiketi zitafunguka nyingi kwa chanzo kimoja, na usiku unaofuata zitafunguka nyingine kwa sababu skripti haijui kwamba zile za jana ni zilezile. Baada ya hapo mafundi huweka kichujio cha barua pepe, na tiketi za kweli zinazikwa humo.

Wekeni faili dogo ndani ya hazina ya msimbo, lenye namba ya kesi upande mmoja na namba ya tiketi upande wa pili, kwa dosari zinazojulikana. Jaribio likifeli, skripti iangalie faili hilo. Ikikuta kesi hiyo, iongeze namba ya tiketi kwenye sehemu ya `defects` ya jibu la TestRail, ili anayesoma ajue kwamba wekundu huu una mwenyewe. Isipoikuta, ipeleke ujumbe mmoja wa jumla kwenye Slack au popote mnapokutana, ukiorodhesha kesi zilizofeli bila tiketi, na mjaribu aliye zamu azipitie asubuhi. Anayerekebisha dosari aufute mstari wake kwenye faili katika ombi lilelile la kuunganisha linaloleta marekebisho, la sivyo dosari ikirudi mwezi ujao itabandikwa tiketi iliyokwisha fungwa na hakuna atakayeishughulikia.

Skripti ya kukusanya vigezo, ukiondoa anwani na namba za kwenu, iweke hapa hapa wengine waitumie.